Kufunika Birika Kabla ya Kipupwe

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani. Mvua yetu ni moja: huanza Oktoba na kuendelea, kwa mapumziko mafupi, hadi Mei. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Juni na Julai huja kipupwe, ubaridi wa asubuhi unaowafanya wazee waingie katika sala ya Alfajiri wakiwa wamejitanda mablanketi. Agosti na Septemba huja vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa. Kwa takriban miezi 4 bati la msikiti halidondoshi maji, na yale tutakayotawadhia ni yale tu tuliyokwisha kuyakinga.

Birika letu hapa Kasulu limejengwa nyuma ya msikiti, katika ua ule ule ambao watoto wa madrasa huchezea wakingoja sala ya Alasiri. Lina urefu wa mita 6, upana wa mita 3 na kina cha mita 2, hivyo likijaa hubeba lita 36,000. Kwa kuwa kiwanja kina mteremko, wazee wetu walilichimba nusu ndani ya ardhi, na upande wa chini wakatoa bomba lenye koki. Upande wa juu ukuta wake hauzidi magoti ya mtu mzima. Juu yake hapakuwa na kitu, na watoto walikuwa wakiliita bahari.

Habari ya kulifunika ilianza kwa njia ambayo sikuitarajia. Yuko kijana mmoja wa Kikongo niliyepata kumsomesha Kurani katika kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa wilayani kwetu mwaka 1996, kabla ya yeye na wazazi wake kuhamishiwa Marekani pamoja na maelfu ya wakimbizi wengine waliopewa makazi ya kudumu huko. Sasa anaishi katika jimbo la Ohio, na kazi yake inayompa riziki ni ya ajabu kwa masikio yetu: kila mwaka joto linapoondoka yeye na wenzake huzunguka nyumba kwa nyumba wakifunga mabwawa ya kuogelea yaliyo nyuani mwa watu, ili yalale salama wakati wa baridi. Hunipigia simu mara kwa mara kunisalimu. Mwezi wa Ramadhani uliopita nilimuuliza, kwa udadisi tu, bwawa hufungwaje.

Alinieleza kwa tuo, kama fundi anayeipenda kazi yake. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba bwawa halikaushwi. Bwawa tupu, alisema, liko hatarini kuliko lililojaa, kwa sababu maji yaliyo ardhini hulisukuma kutoka chini na pande zote, na linaweza kupasuka au hata kuinuliwa kutoka mahali pake. Hupunguza maji kidogo tu, hadi chini ya matundu ya mabomba, kisha hupuliza hewa ndani ya mabomba mpaka yakauke na kuyaziba kwa vizibo. Maji yakiganda huwa barafu, na barafu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko maji kwa takriban asilimia 9, nafasi inayotosha kupasua bomba la plastiki au la chuma. Huokota majani, husugua kuta, hutia dawa ya kuzuia utando wa kijani. Ndipo hufunika.

Hapo penye kufunika ndipo aliponikalisha kitako. Alisema kuna mifuniko ya aina mbili. Kuna turubai linalotandazwa juu ya maji na kukandamizwa pembeni kwa mifuko iliyojazwa maji, nalo ni la bei nafuu. Na kuna mfuniko wa usalama, kitambaa kizito kilichovutwa kwa mikanda na springi na kufungwa kwa vyuma vilivyopigiliwa sakafuni kuzunguka bwawa zima. Huu wa pili kwao una kipimo chake: lazima uweze kubeba watu wazima wawili na mtoto mmoja wakiwa juu yake kwa pamoja. Kwa nini watatu? Kwa sababu mtoto akitumbukia, baba na mama watamfuata. Turubai lile la kwanza, akasema, linazuia majani, halizuii mtu. Na baya zaidi, mvua ikinyesha maji hutuama juu yake, majani yakayafunika, na mtoto akaliona kama uwanja. Akikanyaga, turubai humkunja kama sanda. Neno hilo, sanda, alilitamka yeye.

Sikulichukua kwa uzito wake siku ile. Sisi hatuna mabwawa ya kuogelea. Lakini mwezi wa Aprili nilipanda basi kwenda Kibondo kwa maziko.

Mtoto alikuwa wa kiume, wa miaka minne, jamaa ya shemeji yangu. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na shimo lililochimbwa udongo wa kufyatulia matofali. Kila atakayepita njia ya Makere kuelekea Kibondo atayaona mashimo ya namna hiyo, kwani ndiyo yaliyotujengea nyumba zetu zote. Kiangazi shimo ni shimo tu, mbuzi huingia na kutoka. Mvua zikija hujaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna anayeweza kuona lina kina gani. Mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, alikuwa ametandaza juu ya sehemu yake matete na turubai kuukuu ili bata wasichafue maji, kwani mkewe aliyatumia kumwagilia mboga. Mtoto alikwenda kuchukua mpira. Hakuna aliyesikia sauti. Anayezama, hasa mtoto mdogo, hapigi kelele kama watu wengi wanavyodhani, maana pumzi ya kupigia kelele hana.

Tulimzika baada ya Adhuhuri. Mama yake hakulia mbele yetu, alikuwa akiwauliza wanawake waliomzunguka kama kuna aliyemwona akipita. Aliuliza hivyo mpaka jioni.

Njiani kurudi Kasulu nilimkumbuka yule kijana wa Ohio na watu wake watatu juu ya mfuniko mmoja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na kiasi cha robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Wengi wetu tukisikia kufa maji hufikiria Ziwa Tanganyika, mitumbwi na dhoruba. Mtoto wa miaka miwili hahitaji ziwa. Anaweza kufa katika ndoo ya kufulia iliyoachwa na maji ya sentimita chache, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko anavyoweza kukiinua.

Katika kikao cha kamati kilichofuata nililiweka birika kuwa ajenda ya kwanza. Nataka niwe mwadilifu kwa wenzangu: hakuna aliyesema jambo hilo ni la upuuzi. Ila kila mmoja aliliona kwa jicho lake.

Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba na ambaye alibeba mawe ya birika lile kwa mabega yake, alianza kwa upande wa tohara. Akasema, mnataka kufunika kwa ajili ya nini? Kama ni utando wa kijani, vitabu tulivyovisoma vinasema maji hayaharibiki kwa kukaa muda mrefu, wala kwa udongo, wala kwa kile kinachoota ndani yake. Kama ni ndege na vumbi, maji haya yamepita qullatayn mara nyingi mno. Na kwa kweli alikuwa sahihi kwa kila neno. Katika madhehebu yetu ya Shafii maji yaliyobadilika kwa sababu ya kutuama au ya utando unaoota ndani yake hubaki kuwa yenye kutoharisha, na qullatayn, ambayo wengi hukadiria kuwa lita 200 na ushei, ni sehemu ndogo sana ya lita 36,000. Maji ya kijani yaliyokuwa yakitutokea Septemba yalikuwa maji halali ya udhu.

Lakini tohara ni hukumu moja na usalama ni jambo jingine. Fiqhi ikikuambia maji haya yanafaa kutawadhia haijakuambia yanafaa kuzaliana mbu. Katika joto la kawaida yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, na mtu yeyote aliyeinama juu ya birika letu mwezi wa Juni aliona viluwiluwi wakicheza chini ya uso wa maji. Nusu ya wanafunzi wa madrasa hukaa darasa linalopakana na ukuta ule. Na tena, mtoto aliyetumbukia hatamuuliza mtu kama maji yale ni tahiri.

Mwingine akaleta hoja iliyotufanya tucheke kidogo, nami niliipenda kwa ujanja wake. Alitukumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.), yaliyopokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), ya kufunika vyombo na kufunga midomo ya viriba usiku unapoingia, walau kwa kulaza kijiti juu ya chombo. Basi, akasema, kama kijiti kinatosha, turubai la shilingi elfu arobaini linazidi! Sheikh wetu, aliyekuwa kimya muda wote, akamjibu kwa upole kwamba hakuna anayetembea juu ya bakuli. Kisha akatutanabahisha juu ya jambo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote chuoni, sikuwa nimelizingatia: katika mafundisho hayo hayo ya Jabir, pamoja na vyombo, milango na taa, wamo watoto. Waislamu wameelekezwa wawazuie watoto wao ndani jua linapotua. Vyombo na watoto vimetajwa katika pumzi moja.

Baada ya hapo mjadala ulikuwa wa fedha, na fedha zilikuwepo, jambo lililoufanya mjadala kuwa mgumu zaidi. Msikiti ulikuwa umepokea mchango wa mfadhili mmoja kwa ajili ya mazulia mapya. Wajumbe wawili walipendekeza tuzikope, kisha tuzirudishe baada ya mavuno. Nikiwa katibu nilisoma barua ya mfadhili kwa sauti, nayo ilitaja zulia na haikutaja kingine. Mali iliyotolewa kwa sharti haigeuzwi kwa kuwa sisi tumeona lililo bora, na kamati iliyozoea kukopa amana moja kuipa nyingine siku moja itaamka haijui ipi ni ipi. Nilisema hivyo, na Mwenyekiti akaniunga mkono, ingawa alikuwa mmoja wa waliotamani sana mfuniko ule. Tukaandika kwa mfadhili kumwomba ruhusa. Hakujibu kwa wakati, tukaacha fedha zake zilivyo.

Wengine walisema tusubiri basi hadi mwakani. Hapo ndipo nilipoleta suala la dhamana. Wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu suala la mtu kutumbukia katika kisima, kwa sababu ya hadithi inayosema kisima hakina fidia. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kwamba maana yake ni mtu aliyechimba kisima katika milki yake au katika ardhi isiyo na mwenyewe, kisha mwingine akatumbukia. Ama aliyechimba katika njia ya Waislamu, au katika milki ya mtu mwingine bila idhini, dia huwa juu ya jamaa zake wa ukoo na kafara huwa katika mali yake mwenyewe. Sikuileta hoja hii ili kutoa fatwa, kwani ua wa msikiti si njia kuu na birika lilijengwa kwa idhini. Niliileta ili kuuliza swali moja tu: ua ambao sisi wenyewe tumewaita watoto waje kila siku saa tisa, tukawapigia kengele waingie, uko karibu zaidi na nyumba ya mtu binafsi au na njia ya watu? Hakuna aliyenijibu. Mzee wetu wa mawe akaomba kikao kifungwe kwa dua, kisha akawa wa kwanza kuweka noti juu ya meza.

Basi kazi yenyewe. Fundi tuliyemwita alitupa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kulikausha birika, kusimamisha mirunda ndani yake na kumwaga zege moja juu nzima. Tungepoteza maji ya mwaka mzima mwezi huo huo ambao mvua inakatika. Njia ya pili ilikuwa kumwaga vipande vya zege chini, uani, kisha kuvibeba na kuvilaza juu ya kuta, maji yakiwa ndani. Tukachagua ya pili. Vipande 11, kila kimoja chenye urefu wa mita 3 na sentimita 30, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 10, vikiwa na nondo ndani. Nafasi ya kipande cha 12 iliachwa kwa ajili ya mfuniko wa chuma na kwa vipande viwili vifupi vya pembeni. Saruji ilikwenda mifuko 13. Vijana walileta mchanga wa mtoni, na kina mama wa darasa la Jumamosi walituletea kokoto walizozigonga wenyewe kwa nyundo. Wakati vipande vikikomaa, kwa siku 28, vikimwagiwa maji kila asubuhi na kufunikwa magunia, tulizungushia birika uzio wa mirunda na miiba. Madrasa ilihamia kibarazani.

Katika siku hizo za kungoja tulifanya jambo ambalo kijana wa Ohio alinifundisha kwa simu. Wao wakitaka kujua kama bwawa linavuja au linakaushwa na jua tu, huweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndoo na ya bwawa yakiwa usawa mmoja, kisha hulinganisha. Yakishuka sawa ni jua na upepo, na bwawa likishuka zaidi ya ndoo kuna ufa. Koki ilikuwa imefungwa siku 10 kwa matengenezo, hivyo hakuna aliyeteka. Ndoo na birika vilishuka karibu sawa, sentimita 5. Ukuta wa wazee haukuwa na ufa, na mzee wetu alipoambiwa alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kikao kile. Lakini sentimita 5 za birika lile ni lita 900. Tukigawa lita 36,000 kwa siku 122 za Juni hadi Septemba, fungu la kila siku ni lita 295. Kwa hiyo ndani ya siku 10 jua lilikuwa limekunywa maji yetu ya siku 3. Likiendelea hivyo kiangazi kizima lingekunywa karibu lita 11,000. Miaka yote tuliyolalamika kwamba watu hawana adabu ya maji, mlaji mkubwa alikuwa angani. Ingawa na sisi tuna yetu: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita moja, nasi mtu humwaga birika zima la mkononi kabla hajafika miguuni.

Tulilifunga katikati ya Juni. Kwanza tuliondoa bomba linaloingiza maji ya gata na kulitia kizibo, ili popo na panya wasilifanye njia. Majani ya mwembe na utando tuliutoa kwa wavu wenye mpini mrefu, tukiwa nje. Tundu la kutokea maji ya ziada tulilifunga kwa wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani, na hili nalisisitiza kwa wote wenye mabirika na visima vya kuchimbwa: hewa ya mahali palipofungwa inaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu zake bila kumpa hata dalili, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Pampu ya petroli haiteremshwi chini humo hata kwa dakika moja.

Baada ya sala ya Ijumaa wanaume 20 walijipanga, mirunda ikapitishwa chini ya kipande cha kwanza, kila mtu akabeba sehemu yake ya kilo 400. Kipande kwa kipande. Ilipofika cha sita mwanga juu ya maji ulikuwa umebaki nusu, na watoto waliokuwa nyuma ya uzio wakaanza kuiaga bahari yao kwa kupunga mikono. Fundi alipomaliza kuziba viungo alitupanga watu wazima watatu katikati ya kila kipande, na kuturuka-rusha kidogo. Hakujua habari ya Ohio. Ilikuwa desturi yake tu.

Nilidhani tumemaliza. Kesho yake mama mmoja, jirani wa msikiti kwa zaidi ya miaka 30, alinisubiri getini.

"Katibu, mwanangu, lile kufuli mmeweka kwa ajili ya mwizi au kwa ajili yetu?"

Nilimwamkia na kumwambia ni kwa ajili ya watoto.

"Watoto nimekuelewa, na Mungu awalipe. Lakini mwezi wa nane bomba la mtaa likikauka tulikuwa tunakuja na kamba na ndoo, hatumwombi mtu. Sasa nitamwomba nani? Wewe? Na siku ukisafiri?"

Aliuliza swali ambalo kamati nzima ya wanaume haikuliuliza. Kufunika maji kunaweza kuwa kuyalinda, na kunaweza kuwa kuwanyima watu, na kufuli ni lile lile moja. Tumefundishwa kwamba maji yaliyozidi haja hayazuiwi, na kwamba Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina ili maji yake yasiwe tena ya kuuzwa. Tuliitisha kikao kifupi, safari hii kwa kuwaalika kina mama watatu. Ikaamuliwa koki ya upande wa chini ielekezwe nje ya ukuta, ifunguliwe kila siku baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri, ndoo mbili kwa kila nyumba, awe Mwislamu au asiwe. Ufunguo wa mfuniko wa juu ukae kwa watu wawili, na mmoja wao awe yule mama. Anautunza kwenye kona ya khanga yake. Nimeomba mara moja kuangalia kina cha maji, naye alikuja mwenyewe kufungua, akasimama mpaka nilipomaliza, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha.

Tangu hapo, kila nyumba ninayoingia macho yangu hutangulia uani. Mapipa ya plastiki yaliyofunikwa kwa sinia. Vidimbwi vya samaki vilivyochimbwa hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Mashimo ya matofali. Yanayonitia hofu zaidi ni mashimo ya vyoo vya zamani, yaliyolazwa magogo na kufukiwa udongo kidogo, na magogo yale yanaoza kimya kimya mwaka hadi mwaka huku majani yakiota juu. Shimo lililo wazi mtoto huliona na mzazi hulikumbuka. Lililofunikwa nusu limeitoa akilini mwa mzazi ile hofu iliyokuwa ikimlinda mtoto. Naliona hilo kuwa baya kuliko kuacha wazi, na mfano wangu uko Kibondo. Shimo lisilotumika ni la kujazwa kifusi mpaka juu. Linalotumika liwe na mfuniko ambao baba wa nyumba yuko tayari kusimama juu yake, au uzio wenye mlango unaojifunga.

Shemeji yangu ameniambia kwamba shimo lile limekwisha kufukiwa. Majirani walikuja wenyewe na majembe siku ya tatu ya msiba, bila kuitwa.

Oktoba, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutalifungua birika. Mvua ya kwanza na ya pili tutaziacha zioshe bati, maji yapotelee uani pamoja na vumbi, majivu na kinyesi cha ndege cha miezi 4. Ndipo tutakapotoa kizibo na kurudisha bomba la gata mahali pake. Mbao za kumwagia zege tumezihifadhi darini mwa madrasa, zikiwa zimepakwa mafuta machafu zisiliwe na mchwa. Ndugu zetu wa msikiti mmoja wa Kibondo wamepiga simu kuziomba, kwani nao wana birika, lao lina upana wa mita 2 na nusu. Fundi amesema zitakatwa kidogo tu upande mmoja. Zitapanda lori la mahindi Jumatatu ijayo.